Matairi ya Nyuma

Daraja jipya linavukwa kwa dakika chache tu, hata wimbo mmoja wa redioni hauishi. Tulikuwa tunatoka Sengerema, mimi na kaka yangu Elisha, kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu yetu, na mbele yetu lilikuwapo lori lililojaa mananasi yaliyoiva kupita kiasi. Dirisha langu lilikuwa wazi. Harufu ya mananasi ikaingia, ikafuatwa na moshi wa dizeli, na hapo juu ya ziwa nikaanza kulia kama mtu aliyepigwa.

Elisha alinitupia jicho, akalirudisha barabarani. "Ni Mzee?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Hakuongeza neno. Familia yetu ina kipaji cha kutoongeza neno.

Kama una umri wangu na uliwahi kuvuka pale Kigongo zamani, harufu hiyo unaijua. Ni harufu ya kungoja. Malori yalipanga foleni mpaka mbali, watu wakashuka kunyoosha miguu, wakanunua mayai ya kuchemsha na vipande vya nanasi kwenye sinia, wakailaani pantoni ya kuvushia magari, na walipoiona inakuja wakasahau kwamba waliilaani. Na kama ulivuka miaka ile, basi baba yangu ulimwona ingawa hukumjua. Alikuwa yule mtu mrefu mwenye koti la njano aliyekuwa anatembea kinyumenyume.

Kazi yake ilikuwa kuingiza magari kwenye pantoni. Lango la chuma likishateremshwa na kulala juu ya zege la gati, alisimama mbele ya gari, uso kwa uso na dereva, akainua mikono yote miwili, viganja vikimwelekea yeye mwenyewe, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua huku vidole vikiita. Njoo. Njoo. Njoo. Macho yake yalikuwa kwenye matairi. Hakugeuka kutazama alikokuwa anakwenda, ingawa nyuma yake palikuwa na kamba na minyororo na, mwisho wa yote, maji. Madereva walimwita Mzee Njoo-Njoo tangu hajaota mvi hata moja.

Mimi nilikuwa nakaa kando ya gati na Mama, aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga kwa watu wa foleni. Nikiwa na miaka sita au saba niliamini kwamba magari yanavutwa na vidole vya Baba. Habari za injini na usukani sikuzijua. Niliona lori kubwa kuliko nyumba yetu linamfuata mtu mmoja mwembamba kwa adabu, nikaona ni jambo la kawaida, maana hata sisi nyumbani tulimfuata hivyo hivyo.

Jambo jingine nililoliamini ni kwamba kuna madereva wanaomuudhi. Wengine aliwaita mpaka gari linasimama kabisa mahali pake. Lakini wengine aliwaita nusu ya njia tu, kisha akateremsha mikono, akawageuzia mgongo na kwenda zake kwa gari jingine. Niliwahurumia sana hao. Nilidhani wamemtukana dirishani, au wamekataa kumwamkia. Sikumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuijaribu methali hiyo aone kama ni ya kweli.

Tena mimi kuuliza kulinigharimu kuliko wengine, kwa sababu nilikuwa na kigugumizi. Herufi nyingi zilinisumbua, ila B ndiyo iliyokuwa adui. Ilinifunga midomo kama kizibo cha chupa, nikabaki natoa macho na kupiga mguu chini. Fikiria basi mtoto ambaye neno gumu kuliko yote duniani kwake ni "baba". Mara nyingi nilimvuta tu shati.

Watu wana huruma ya haraka. Ukikwama kidogo wanakimbilia kukumalizia: bakuli? barua? bibi? Siku moja nilitumwa betri za redio, mwenye duka akachoka kunisubiri akanipa biskuti, nami nikazipokea, kwa kuwa kuzikataa kungehitaji maneno mengine. Mama alinimalizia kwa mapenzi. Elisha alinimalizia kwa kebehi. Baba hakuwahi kunimalizia neno hata moja. Aliacha alichokuwa anafanya, akachuchumaa mbele yangu, akainua ile mikono yake ya pantoni, akaniita kwa vidole. Njoo. Njoo. Hata chakula kikipoa, hata mgeni akiwa amesimama mlangoni. Neno likishatoka alisema, "Umefika," akaendelea na shughuli zake.

Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu mdogo wa Kilutheri pale Kigongo, Mhaya katikati ya Wasukuma, na kila jioni baada ya kula tulisali. Sala zake hazikuwa na madoido. Alimshukuru Mungu kwa kila mtoto, kwa jina, kwa kitu alichokiona kwa macho yake siku ile. Asante kwa Elisha, leo amemchotea mama yake maji bila kutumwa. Kisha akafika kwangu. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake aliyezikwa Bukoba. "Asante kwa maneno ya huyu Mama," alisema. "Yanachelewa, lakini yanakuja." Alisema hivyo kila jioni, na kila jioni nilifumbua jicho moja kuona kama Elisha amesikia.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Baba alikwenda kwa Mwalimu Debora wa Shule ya Jumapili, akanichukua na mimi. Kila Krismasi Mwalimu Debora alitunga shairi la mistari minane na kumpa mtoto mmoja aliseme mbele ya usharika. Watoto waliobaki walikuwa wachungaji, mamajusi na kondoo. Mimi nilikuwa malaika. Malaika walifungwa mashuka meupe na kusimama kimya, na nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mitatu mfululizo.

"Mwalimu, mwaka huu shairi umpe huyu Mama," Baba alisema.

Mwalimu Debora aliniangalia, akamwangalia. "Mzee, ni mistari minane. Na kanisa linakuwa limejaa."

"Itamchukua muda. Tutasubiri."

"Mimi namwonea huruma mtoto, Mzee."

"Najua. Lakini malaika unao wengi."

Nyumbani Mama alipata habari akaacha kukoroga uji. "Baba Elisha, unataka watu wamcheke mtoto?"

"Watamcheka wiki moja," Baba alisema. "Akizoea kunyamaza, atanyamaza maisha."

Tulifanya mazoezi uani, kutoka mlango wa jiko hadi kwenye mpapai, kila siku alipotoka kazini kabla giza halijaingia. Yeye alitembea kinyumenyume, mikono juu, mimi nikimfuata, kila hatua neno moja. Nikikwama naye alisimama, mguu mmoja nyuma, vidole vikiita bila haraka. Kuku walizoea kutupisha. Shairi lilianza kwa "Bethlehemu palijaa, nyumba zote zimefungwa", na nadhani Mwalimu Debora hakuwa amefikiria ni nani atakayeisema hiyo Bethlehemu. Ilituchukua wiki nzima. Lakini mistari mitatu ya mwisho ndiyo iliyotutoa jasho zaidi:

Basi nami ninakuja, ingawa mimi mdogo,
sina ng'ombe wa kuleta, wala dhahabu sinayo;
nina huu mdomo tu, Baba yangu, upokee.

Huo wa mwisho ulikuwa wa kumwambia Mungu, lakini mimi nilimwambia mtu aliyekuwa mbele yangu, amevaa kandambili, anakaribia kugonga mpapai kwa mgongo. Siku nilipoumaliza bila kukwama alikaa chini palepale kwenye vumbi akacheka. Sijawahi kuona tena mtu mzima akifurahi hivyo kwa ajili yangu.

Krismasi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nilivaa gauni la pinki lenye mkanda mpana nyuma, viatu vilikuwa vinanibana. Baba alikuwa mzee wa zamu, kwa hiyo alisimama kule nyuma kabisa kwenye mlango mkubwa, amevaa koti lake la bluu la Jumapili. Nilipopandishwa jukwaani niliona vichwa vingi kama nazi sokoni, na mwisho wa vichwa hivyo nikamwona yeye. Aliinua mikono.

Bethlehemu ilikataa. Nilisukuma, ikakataa. Kondoo wawili waliokuwa miguuni pangu wakaanza kucheka. Nilimtazama Baba. Vidole vyake viliita polepole, kana kwamba pantoni haina safari nyingine siku ile, na mara neno likafunguka, likatoka lote. Mstari wa pili ulisumbua kidogo. Wa tatu ukaja wenyewe. Wa nne, wa tano. Nilisikia sauti yangu inagonga ukuta wa nyuma na kunirudia, na ilikuwa sauti nzuri, sikuwa najua. Watu walikuwa wameacha kunionea huruma. Walikuwa wanasikiliza.

Hapo ndipo Baba alipoteremsha mikono. Akanigeuzia mgongo, akatoka nje.

Niliona koti la bluu linapita mlangoni, kisha nikaona mwanga mtupu wa jua pale alipokuwa amesimama. Maana yake niliijua. Nilikuwa nimekaa kando ya gati miaka yote ile nikitazama. Nilikuwa nimemuudhi. Sikujua kwa kosa gani, labda nilikuwa nakwenda mbio, labda nilikuwa napiga kelele, lakini alikuwa ameniacha nusu ya njia kama wale madereva, mbele ya watu wote. Nilifungua mdomo niseme "Basi nami" na hakikutoka kitu. Nilisimama hivyo mpaka Mwalimu Debora akapanda jukwaani, akanishika bega, akanimalizia mistari mitatu kwa sauti tamu. Watu wakanipigia makofi, yale makofi ambayo mtoto anajua kabisa ni ya nini. Mama alikuwa anaangalia mapaja yake.

Ibada ilipokwisha, Baba alikuja mbio kutoka nyuma ya kanisa, jasho likimtoka, ananuka moshi. Zamu yake ilikuwa pia ya kusimamia masufuria ya pilau ya usharika. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mama, umemaliza?"

"Nimemaliza," nikasema.

Lilitoka bila kukwama hata kidogo. Uongo haukuwa na shida nami. Alinibeba juu, mtoto mkubwa wa miaka tisa, akanizungusha mpaka viatu vile vya kubana vikamgonga mtu. Tulinunuliwa soda kila mmoja na yake. Elisha alinitazama juu ya chupa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza alipokuwa na kitu cha kusema.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye ngazi za kanisa wakati mzee mwenzake alipompa mkono na kumwambia, "Pole kwa mtoto. Alijitahidi." Baba hakuelewa, akauliza, akaelezwa. Nilimwona anavyosikiliza. Alibaki ameushika mkono wa yule mzee muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha akanitafuta kwa macho, na mimi nikaingia ndani haraka.

Jioni ile nilingoja kuchapwa kwa ajili ya uongo wangu. Ningeshukuru. Badala yake, ulipofika wakati wa sala, alisema, "Leo tusali wote kwa pamoja." Hakutaja jina la mtu. Na aliporudi kwenye utaratibu wake wa kututaja mmoja mmoja, wiki nyingi baadaye, alimshukuru Mungu kwa ajili ya afya yangu. Ya maneno yanayochelewa hakuyasema tena. Uani hatukufanya mazoezi tena. Nikikwama, alikaa kimya akitazama sakafu, mikono juu ya magoti, na mimi nikaona mikono ile imechoka kuniita. Amenikatia tamaa, nilijiambia. Nilikuwa na miaka tisa, na niliyajua mambo yote.

Hivyo ndivyo nilivyokua. Nilikwenda shule ya bweni upande wa Mara, na kila muhula Baba alinisindikiza mpaka stendi ya Buzuruga. Alipanda nami kwenye basi, akapanga sanduku langu, akaniombea kwa sauti ya chini, akashuka. Wazazi wa wenzangu walisimama chini ya madirisha wakipunga mikono mpaka basi linaondoka. Yeye alitazama kidogo, akageuka, akaenda zake. Nilizoea kuangalia mgongo wake ukipotea katikati ya wauza maji, na kila mara niliongeza kwenye hesabu yangu. Nikasoma, nikapata kazi ya maabara hapa mjini, kazi niliyoichagua kwa sababu damu haimuulizi mtu jina lake. Nilimtumia Baba kila kitu ambacho mtoto mwema humtumia mzazi, isipokuwa maneno.

Aliugua mapafu mwaka uliotangulia kufunguliwa kwa daraja. Pumzi yake ilikuwa fupi, akisema maneno mawili anapumzika. Siku moja nilipita wodini alikolazwa kabla ya kuingia zamu. Tulikuwa wawili tu. Alinishika mkono akasema, "Mama. Ile Krismasi..." na pumzi ikakata. Aliinua kidole, nimsubiri.

Nilimwona anavyohangaika, kifua kinapanda, midomo inatafuta. Sikuweza kutazama. "Krismasi tutakula wote nyumbani," nikasema haraka. "Utapona tu."

Alishusha kidole. "Haya, Mama," akasema. Kisha akageukia ukutani, mgongo wake kwangu. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka nikiwa na kinyongo changu cha zamani, kimekua nacho kimekuwa mtu mzima. Keshokutwa yake asubuhi wakanipigia simu.

Wahaya wengi husafirishwa kwao wakazikwe, lakini yeye alikuwa amesema azikwe Kigongo, pale anapoweza kusikia honi. Msibani alisimama mzee mmoja Msukuma, Mzee Shija, aliyekuwa dereva wa malori ya mananasi kwa miaka mingi. Aliomba kusema machache.

"Mimi siku ya kwanza kuingiza gari kwenye pantoni nilikuwa natetemeka," alisema. "Huyu mzee akaniita, njoo, njoo. Nimefika katikati, akanigeuzia mgongo! Nikasema leo nimekwisha, nazama. Kumbe gari limeingia sawasawa. Ng'ambo nikamfuata kumlaumu. Mzee, mbona uliniacha? Akacheka. Akasema, mimi namtazama yule atakayetumbukia. Wewe ulikuwa umeshanyooka. Mtu aliyenyooka ukizidi kumwonyesha mikono, unamchanganya." Mzee Shija alijifuta macho kwa kofia. "Basi tangu hapo nilikuwa natamani anigeuzie mgongo mapema. Akikugeuzia mgongo mapema, ujue wewe dereva."

Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Kitu nilichokibeba tangu nina miaka tisa kilinidondoka pale pale katikati ya waombolezaji, na nikalia kwa namna ambayo shangazi zangu walidhani ni uchungu wa mazishi. Nililia kwa nafuu. Hakuwa amenichoka. Aliona nimenyooka. Kwa mwaka mzima niliishi na faraja hiyo, nikadhani hadithi imeishia hapo.

Sasa nirudi kwenye siku ile ya lori la mananasi. Tulipotoka darajani tulikata kona kwenda kwa Mama, ambaye bado anakaa kwenye nyumba ileile. Tulimkuta jikoni anachambua dagaa. Tukamwamkia, akatupa viti, na kwa kuwa macho yangu yalikuwa mekundu ikabidi nieleze. Nikamweleza yote, jukwaa, mgongo, na jinsi maneno ya Mzee Shija yalivyonifungua. "Angalau najua aliondoka kwa sababu nilikuwa sawa," nikamwambia.

Mama aliacha dagaa. "Kwani hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

Alimtazama Elisha, kisha akanitazama mimi. "Siku ile alipoambiwa na wenzake kanisani alikuja akakaa hapo ulipokaa. Hakula. Akasema, 'Mama Elisha, nimekosa. Nimemgeuzia mgongo mtoto matairi ya nyuma hayajaingia.'"

Nilisikia dagaa mmoja akianguka kwenye sinia.

"Alisema kazini haijamtokea hata siku moja," Mama aliendelea. "Magari ya watu aliyasubiri. Lako akaliharakisha, kwa furaha tu, akakimbilia pilau. Alisema ulikuwa umebakiza mistari mitatu."

"Mbona... mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema kosa ni lake, atakwambia mwenyewe, ila kwanza uchangamke, maana ulikuwa unamkimbia. Kila Krismasi alisema mwaka huu nitamwambia. Ukija una wageni, au una safari. Basi ukapita na huo." Alichukua dagaa, akamrudisha chini. "Hospitali nilimuuliza, umemwambia? Akasema, 'Nilianza, lakini Mama alikuwa na haraka. Nitamwambia kesho.'"

Elisha alitoka nje. Mimi nilibaki nimekaa pale alipokaa yeye.

Mtu ambaye hakunimalizia neno hata moja katika maisha yake alikuwa na sentensi moja tu ya kuniambia, yenye kuchelewa, na mimi nikammalizia. Tena nikammalizia vibaya, nikampa biskuti alipokuja kununua betri. Alichohitaji ni mtu wa kumsubiri kama yeye alivyonisubiri uani. Mikono ninayo miwili. Nimeichunguza sana tangu siku hiyo, na ni mikono mizima kabisa.

Nina hasira naye pia, siwezi kuficha. Ungesema tu, Baba. Mtoto wa miaka tisa angekusamehe kabla ya soda kuisha. Wachungaji wanatufundisha watoto waungame kwa wazazi, na sijui kwa nini hakuna anayewafundisha wazazi njia ya kurudi. Uliweza kuyaita malori yenye tani na tani yakakujia, na kwa binti mmoja wa kilo ishirini na tano ukaona aibu.

Niliondoka jikoni nikashuka mpaka kwenye gati la zamani. Siyo mbali, ni mwendo wa kuchoma mhindi mmoja. Hakuna foleni tena. Zege liko palepale, lina nyufa, magugu maji yamejikusanya pembeni, na juu kwa mbali magari yanapita darajani bila kuongozwa na mtu. Elisha alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe ambalo Mama alikuwa analiwekea sinia la samaki. Nilimpita. Nilisimama mahali magari yalipokuwa yanaanzia kuingia, nikaelekeza uso majini, mahali ambapo yeye angekuwa amesimama.

"B..." nikasema. Midomo ikafunga. Sijui kama ni kigugumizi au kilio, vilikuwa vimekwama mlango mmoja. Nilisikia Elisha ananyanyuka nyuma yangu. Nikangoja animalizie, kama kawaida yake. Hakunimalizia. Alisimama tu.

Basi nami ninakuja, ingawa mimi mdogo. Mstari huo ulinichukua muda mrefu sana. Mvuvi mmoja aliyekuwa anapanga nyavu alitutazama, akaona ni mambo ya watu, akaendelea na nyavu zake. Sina ng'ombe wa kuleta, wala dhahabu sinayo. Huo ulipita. Nina huu mdomo tu. Kisha ikaja ile B ya mwisho, nikaisukuma, ikakataa, nikapumzika, nikaisukuma tena. Hapakuwa na mikono mbele yangu, maji tu. Niliusema mpaka mwisho.

"Nimemaliza, Baba," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.